Jinsi ya kuanza kukusanya noti za zamani za Uganda na kuzijua benki zake

Swali la kwanza ambalo watu huniuliza ni bei. "Hii ya Amin nitapata shilingi ngapi?" Mimi humrudishia mwenye noti maswali mawili: imetolewa na nani, na iliacha kutumika mwaka gani? Ukiweza kujibu hayo mawili kwa noti yoyote uliyoshika, muuzaji wa vinyago hatakuuzia ya kawaida kwa bei ya adimu, wala wewe hutaitupa adimu ukidhani ni takataka. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na historia, na soko linafuata nyuma.

Hatua ya 1: Wajue watoaji

Noti zilizotumika Uganda zimetoka kwa watoaji watatu: serikali ya Protektoreti ya Afrika Mashariki (Kenya ya leo, chini ya Waingereza) pale Mombasa, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na Bank of Uganda. Benki za biashara zilipokea amana, zilikopesha na kulipa cheki, lakini noti hazikuwa zao. Mtu akikuonyesha "noti ya Barclays ya Kampala", mshukuru uende zako.

Kabla ya karatasi, Buganda na majirani zake walilipana kwa kauri, makombe yaliyopanda kutoka pwani. Reli ikaleta rupia ya India, kwa kuwa wajenzi, wafanyabiashara na askari wengi walitoka huko na waliiamini fedha hiyo. Noti za rupia zilianza kutolewa Mombasa mwaka 1905, na rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Benki ya kwanza ya biashara, National Bank of India, ilifungua Entebbe mwaka 1906, na Standard Bank of South Africa ikafuata mwaka 1912.

Hapo ndipo kuna kisa ambacho kila mkusanyaji wa ukanda huu anapaswa kukijua. Sarafu ya rupia ilikuwa ya madini halisi ya fedha (silver), na baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya madini ya fedha ikapaa duniani. Rupia ikapanda nayo. Serikali ya Uingereza ikaamua kuifunga kwa kiwango kipya: rupia 10 kwa pauni badala ya 15. Mkulima aliyekuwa na deni la rupia 1,500 benki, yaani pauni 100 alipokopa, akajikuta anadaiwa pauni 150 bila kuongeza mkopo hata senti. Bodi ya Sarafu iliundwa London Desemba 1919. Mwaka 1920 ikaleta florini badala ya rupia, na mwaka uliofuata ikaiacha florini na kuleta shilingi, mbili kwa florini moja na 20 kwa pauni. Florini haikudumu, na ndiyo maana noti zake ni adimu kupita kiasi. Ukitajiwa noti ya florini kwa bei ya chakula cha mchana, ni ya kughushi.

Shilingi ya Bodi ilitembea mbali: Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar kuanzia 1936, Aden baadaye, na wakati wa Vita ya Pili ikaingia Somalia na Ethiopia. Kwa hiyo noti ya Mfalme George VI iliyokutwa Arua ingeweza kuwa imelipa mshahara wa askari Mogadishu. Za Malkia Elizabeth zilianza 1953. Zile za mwanzo zina tarehe, lakini kuanzia 1958 tarehe ikaondolewa. Angalia hilo kwanza unapotaka kuitambua noti yenye sura yake. Mwaka 1964, nchi zote tatu zikiwa zimepata uhuru, Bodi ilitoa noti zisizo na sura ya mtawala yeyote, zenye mashua ya tanga ziwani: za 5, 10, 20 na 100. Kwangu mimi hizi ndizo noti nzuri kuliko zote zilizowahi kutumika Afrika Mashariki, na zilikaa mikononi mwa watu muda mfupi sana.

Bodi ilivunjika kwa sababu kila nchi ilitaka benki kuu yake. Bank of Uganda ilifungua milango tarehe 15 Agosti 1966, gavana wake wa kwanza akiwa Joseph Mubiru. Noti zake za kwanza zilikuwa za 5, 10, 20 na 100. Mubiru aliondolewa mwaka 1971, na mwaka 1972, chini ya utawala wa Amin, aliuawa. Ukishika noti ya 1966 tafuta sahihi ya gavana kabla ya kutazama picha.

Kisha Amin. Noti zenye sura yake zilianza 1973, za 10, 20, 50 na 100, na ya 5 ikaongezwa 1977. Baada ya kuanguka kwake Aprili 1979 sura iliondolewa, likawekwa jengo la Benki Kuu. Mwaka 1982 zikaja nyingine, 1983 zikafuata za 500 na 1,000 zenye sura ya Rais Obote, na 1985 ikatoka ya 5,000. Zipange mezani kwa mfuatano na utaona mfumuko wa bei kwa macho: mwaka 1966 noti kubwa kabisa ilikuwa ya 100, na miaka 19 baadaye ni ya 5,000.

Mei 1987 serikali ya NRM, ya Museveni, ilifuta zote. Shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu yake ikakatwa kodi ya asilimia 30. Aliyepeleka noti mbili za 5,000 benki, yaani 10,000, alistahili 100 mpya na akaondoka na 70. Waulize wazee wako kuhusu foleni zile. Wako waliokataa kubadilisha au waliochelewa, na noti zao ndizo mpaka leo zinatoka kwenye masanduku ya bati zikiwa bado na harufu ya dawa ya nondo.

Hatua ya 2: Chagua mstari mmoja

Usianze na rupia. Usianze hata na Mfalme George. Anza na Bank of Uganda, 1966 hadi 1987, kwa sababu tatu: nyingi bado zinapatikana, nyingi si ghali, na mashahidi wake wako hai nyumbani kwako. Mkusanyo wa noti moja ya kila thamani katika miaka hiyo ni kazi inayokamilika, na kukamilisha kunafundisha kuliko kurundika.

Ukishakamilisha, ingia kwenye tofauti ndogondogo. Hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo. Noti ya 100 ya mwaka 1966 ipo ya aina mbili: moja ina maneno "FOR BANK OF UGANDA", na nyingine haina. Noti za Amin hutofautiana kwa vyeo vilivyoandikwa chini ya sahihi: kuna zenye Gavana na Mkurugenzi, na zenye Gavana na Katibu. Za 1979 zina jambo la kupendeza zaidi. Chukua mbili za 10 za mwaka huo, ziweke pamoja dirishani mchana, na huenda ukaona jengo la benki kwenye moja limechapwa kwa wino mzito na kwenye nyingine kwa wino mwepesi. Muuzaji asiyejua atakuuzia zote mbili kwa bei moja.

Wakusanyaji duniani hutumia namba za Pick kutambua noti, kutoka kwa Mjerumani Albert Pick aliyeziorodhesha. Kwa Bank of Uganda zinaanzia P1, noti ya 5 ya mwaka 1966. Zijifunze namba hizo. Ukizungumza na muuzaji wa Ulaya au Marekani, "P4" inamaliza mjadala ambao maneno yangeuzungusha siku nzima.

Hatua ya 3: Tafuta, na uulize kwa adabu

Maduka ya vinyago nyuma ya National Theatre na kwenye Barabara ya Buganda, Kampala, huwa nazo, hasa za Amin. Tahadhari: noti za Amin si adimu. Zilichapishwa nyingi, na nje ya nchi huuzwa kwa bei ndogo. Kinachouzwa hapo ni jina la Amin kwa watalii. Zikague, piga bei, na usione haya kuondoka. Katika masoko makubwa kama Owino waulize wauza vitabu vya zamani na wauza mabegi ya mitumba, maana noti husahaulika ndani ya kurasa na mifukoni.

Lakini zenye thamani kwangu zimetoka majumbani. Uganda, watu waliolipwa taslimu kwa miaka mingi ni askari na watu wa reli. Kwa hiyo uliza Bombo na Kibuli, uliza kambi za zamani za reli Jinja na Tororo, uliza wazee wa Arua, na miji ya mpakani kama Busia, Malaba na Mutukula, ambako wabadilishaji fedha huachiwa noti zilizokufa. Kiswahili kinafungua milango huko kuliko Kiingereza. Ila usiingie na neno la biashara mdomoni. Keti kwanza.

"Shikamoo, Hajati."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kuuliza habari za mzee, alipokuwa jeshini. Hakuacha makaratasi, au noti za enzi zile?"

Baada ya hapo nyamaza. Sanduku likifunguliwa, usiguse kabla hujaambiwa. Na mtu akisema haziuzwi, omba ruhusa ya kupiga picha tu na kuandika anachokumbuka. Akiuza, mwambie bei ya haki. Mjane asiyejua ameshika nini hapaswi kuijua thamani yake kwenye mtandao baada ya wewe kuondoka.

Kuna utapeli unaorudi kila mwaka kwenye simu: tangazo kwamba kuna tajiri ananunua noti au sarafu fulani ya zamani kwa mamilioni, lipa kwanza ada ya kujisajili. Hakuna mnunuzi wa kweli anayedai ada kwa muuzaji. Utapeli mwingine ni bunda la noti za kabla ya 1987 linalouzwa kwa madai kwamba Benki Kuu bado inazibadilisha. Noti hizo hazitumiki tena, na zinabaki na thamani ya mkusanyaji pekee.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kulipa

Vifaa ni vichache: lenzi ya kukuza mara 10, na tochi ya mwanga wa zambarau, ile inayotumiwa na wauza duka kukagua noti. Dirisha lenye jua linatosha kwa mengine.

Inua noti dhidi ya mwanga na utafute alama ya maji. Kwenye noti za 1966 ni mkono ulioinuliwa. Alama ya kweli imo ndani ya karatasi, ina sehemu nene na nyembamba zinazofifia polepole, na ukiilaza noti mezani inapotea. Ya kughushi mara nyingi imechorwa juu kwa rangi hafifu na utaiona hata bila mwanga. Kisha pitisha ncha ya kidole juu ya maandishi makubwa ya noti ambayo haijachakaa. Wino unainuka kidogo, unaukwaruza ukucha. Nakala ya printa ni laini kote, na chini ya lenzi mistari yake inavunjika kuwa nukta za rangi, wakati mistari ya noti halisi ni mizima na mikali.

Namba za noti zinasema mengi. Namba ya kushoto na ya kulia lazima zilingane, na tarakimu zikae kwenye mstari mmoja. Ukiona tarakimu moja imekaa juu kuliko wenzake au wino wake ni tofauti, kuna mtu aliifuta na kuandika upya.

Sasa tazama majeraha. Noti nyingi za zamani zina vitundu vidogo upande mmoja, vya pini iliyofunga bunda, na mara nyingi kuna duara la kutu kuzunguka kitundu. Hilo ni la kawaida na halifanyi noti iwe bandia, ila bei lazima ishuke. Noti iliyopigwa pasi ni hatari zaidi kwa sababu inakusudia kukudanganya: inang'aa kupita kiasi na haina mkunjo unaoonekana, lakini ukiitazama kwa kuilaza sambamba na mwanga, mistari ya mikunjo ya zamani inajitokeza. Pembe zilizokatwa kwa mkasi ili zionekane kali utazijua kwa kupima upana wa noti na ya aina hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Jifunze kutaja hali ya noti

Hali ndiyo inayoamua bei kuliko umri. Noti mpya kabisa, isiyo na mkunjo wala alama ya kidole, inaweza kuuzwa mara kadhaa ya noti hiyo hiyo yenye mkunjo mmoja katikati. Chini yake kuna yenye mikunjo michache na karatasi bado ngumu. Kisha iliyotembea sana lakini nzima. Kisha iliyolegea, chafu, yenye michaniko pembeni. Tumia ngazi hizo unapoandika na kuuza, na usijipendelee. Kwa noti za kawaida za miaka ya themanini subiri iliyo mpya, maana zipo. Kwa za 1964 au za Mfalme, chukua iliyotembea ukiipata kwa bei nzuri.

Hatua ya 6: Ihifadhi, na usiisafishe

Usiioshe. Usiipige pasi. Usiibandike selotepu hata kama imechanika, maana gundi yake hugeuka njano, huingia kwenye karatasi na haitoki. Usiilamineti kabisa, hapo umeimaliza.

Mifuko myepesi ya plastiki ya albamu za picha za bei rahisi ni adui. Mingi ni ya PVC, ambayo baada ya miaka hutoa mafuta yanayonata na kula wino. Tafuta mifuko ya poliesta au polipropilini. Ukikosa, karatasi nyeupe safi isiyo na asidi ni bora kuliko PVC. Noti ilale bapa, isikunjwe, isifungwe kwa mpira.

Sisi tunaoishi karibu na ziwa, Jinja au Entebbe, tuna tatizo la unyevu. Albamu isikae kwenye ukuta wa nje wala sakafuni, ambako mchwa nao wanapita. Weka ndani ya boksi vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, uvibadilishe vinapochoka, na ufungue boksi mara kwa mara msimu wa mvua. Doa la kahawia linaloanza pembeni ni ukungu: itoe noti hiyo peke yake mara moja, isiambukize nyingine.

Hatua ya 7: Fungua daftari

Piga picha au skani pande zote mbili, kisha andika kila noti kwa mfano huu: "Bank of Uganda, shilingi 50, sura ya Amin, Gavana na Katibu. Namba kamili. Hali: imetembea, kitundu kimoja cha pini kushoto. Imetoka kwa mjane wa askari, Bombo. Alisema mumewe aliipokea kama mshahara na akaificha ndani ya Msahafu." Mstari wa mwisho ndio ambao hakuna muuzaji wa London atakayekuwa nao. Andika siku hiyo hiyo, kwa maneno ya aliyekuuzia.

Hatua ya 8: Zifuate benki zenyewe

Benki za biashara hazikutoa noti, lakini ziliacha karatasi: cheki, vitabu vya akiba, stakabadhi za kuweka fedha, barua zenye nembo. Bado watu huzichoma, na kwa hiyo zinapatikana kwa senti chache. Kwa maoni yangu mkusanyaji kijana mwenye mfuko mwepesi angefanya vizuri kuanzia hapa hapa.

Majina ndiyo yanayokuongoza kwenye miaka. Cheki ya National Bank of India ni ya kabla ya 1958, benki hiyo ilipoungana na Grindlays. Baada ya hapo utaona National and Grindlays. Barclays iliingia Uganda mwaka 1927, na karatasi zake za ukoloni zina herufi D.C.O. (Dominion, Colonial and Overseas); jina la Barclays lenyewe liliondoka 2019 na kuwa Absa. Bank of Baroda ilifungua Kampala 1953. Uganda Credit and Savings Bank ya 1950 iligeuzwa kuwa Uganda Commercial Bank (UCB) mwaka 1965, ikawa benki ya mwananchi hadi wilayani, ikaelemewa na mikopo isiyolipwa, na mwaka 2002 Stanbic ikanunua asilimia 80. Kitabu cha akiba cha UCB, chenye jina la tawi la mji mdogo na mihuri ya mkono ya karani, ni kumbukumbu ambayo tawi lenyewe pengine halina.

Tafuta pia karatasi za benki zilizofungwa: Greenland na Cooperative, zote mwaka 1999, na Crane, iliyochukuliwa na Benki Kuu Oktoba 2016 na kupelekwa benki ya dfcu Januari 2017. Za Cooperative utazikuta vijijini, kwa familia zilizouza kahawa na pamba kupitia vyama vya ushirika.

Karatasi hizi zina majina ya watu na namba za akaunti. Ukizionyesha mtandaoni, funika jina, namba na sahihi kwanza, hata kama mwenyewe ameshafariki, na usimuuzie mtu cheki tupu ya benki ambayo bado inafanya kazi.